Gitaa la Vipande Si la Kuchekwa

Malalamiko ya wanamuziki wetu chipukizi ni yale yale miaka nenda miaka rudi: hawana vyombo. Sauti wanazo, tungo wanazo, hata mashabiki mtaani wanao, lakini gitaa la umeme wanalopiga ni la kuazima au la kukodi, na mwenyewe akilitaka usiku wa dansi hawana la kusema. Kuna njia moja ya kujikomboa ambayo naona inadharauliwa bure, nayo ni kununua gitaa likiwa bado vipande ndani ya boksi na kuliunganisha nyumbani kwa mikono yako mwenyewe.

Boksi lenyewe huagizwa kutoka ng'ambo. Ndani mna kiwiliwili cha mbao kilichokwisha kukatwa, shingo yenye freti zake, daraja la kushikia nyuzi, funguo za kukazia, nyaya, swichi na pikapu. Pikapu hii si ile ya kubebea viazi kutoka Kinangop. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu, nayo hunasa mtikisiko wa uzi wa chuma na kuugeuza kuwa umeme mdogo sana unaopelekwa kwenye amplifaya.

Wapo wanaocheka. Husema huo ni mchezo wa watoto. Ama ununue gitaa la kiwanda lenye jina, ama unyamaze. Wengine, hasa maseremala, huja na hoja ya upande wa pili, kwamba aliyeletewa mbao iliyokwisha kukatwa hajatengeneza kitu. Nawaheshimu wote, lakini sikubaliani nao hata kidogo.

Hao wa kwanza ningewakumbusha Leo Fender wa Fullerton, California. Bwana huyo alikuwa fundi wa redio, na gitaa hakujua kulipiga. Gitaa lake la mbao isiyo na uwazi ndani lilianza kuuzwa mwaka 1950, na mwaka 1951 likapewa jina la Telecaster. Shingo yake ilifungwa kwenye kiwiliwili kwa skrubu nne tu. Ikiharibika, unaifungua na kutia nyingine. Basi hata lile gitaa la kiwanda wanalolisujudia ni gitaa la vipande. Tofauti ni nani aliyeshika bisibisi.

Na hao maseremala? Wamtazame Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, ile ile ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Mwaka 1963, akiwa kijana wa shule huko Uingereza, May alianza kuunda gitaa pamoja na baba yake. Shingo ilichongwa kutoka mbao kuukuu ya mahali pa kuotea moto, yenye matundu ya wadudu. Springi zilitoka katika injini ya pikipiki. Alama za shingoni zilikuwa vifungo vya nguo vya lulumizi. Hata pikapu alijitengenezea, lakini mlio wake haukumridhisha, akaenda akanunua za dukani zilizotengenezwa na Burns. Gitaa hilo ndilo alilolipiga juu ya paa la jumba la Malkia huko London mwaka 2002. Hakuna aliyemwambia kwamba si lake kwa sababu ya pikapu za kununua.

Isitoshe, kazi ambayo kiwanda kimemwachia mnunuzi ndiyo kazi yenyewe. Chukua daraja. Katika magitaa ya mtindo wa Fender, urefu wa uzi toka kizingiti cha juu ya shingo hadi darajani ni milimita 648, na freti ya 12 lazima iwe nusu kamili, yaani 324. Ukikosea milimita chache tu, gitaa litapatana likiwa wazi na litagombana ukianza kubana nyuzi huko juu, na hakuna kidole hodari kitakachoficha aibu hiyo. Tena si nyuzi zote zinazotaka urefu mmoja: ule mnene husogezwa nyuma kidogo kupita ule mwembamba. Dawa ni kuusikiliza uzi ukiuguza tu juu ya freti ya 12, kisha ukiubana hapo hapo. Sauti ya kubana ikipanda kuliko ile nyingine, rudisha tandiko la uzi huo nyuma. Ikishuka, lisogeze mbele. Kijana aliyefanya hivyo kwa nyuzi zote sita amejifunza sikio, jambo ambalo gitaa la dukani halimfundishi.

Kuna na msasa. Freti huja zikiwa na ncha zinazochana kiganja, na mara nyingine moja imesimama juu kuliko wenzake, ukipiga nyuzi zinalia zzz kama nzi chupani. Hapo pana haja ya rula iliyonyooka na tupa, na subira kuliko vyote viwili. Kabla ya kukaza skrubu, toboa kwa kekee tundu jembamba na kuipaka skrubu sabuni, la sivyo mbao itapasuka. Lehemu waya haraka usije ukaunguza swichi, na usisahau ule waya wa ardhi unaokwenda darajani. Wazazi wanaoogopa umeme wajue kwamba hatari haimo ndani ya gitaa, bali hutoka kwa amplifaya yenye waya mbovu.

Mimi nakazania jambo hili kwa sababu ya historia ya muziki wetu. Katika nchi hizi zetu mara nyingi mwenye vyombo si yule anayevipiga. Alikuwa mwenye baa, mwenye hoteli, ama shirika, kama ilivyokuwa kwa NUTA Jazz ya Tanzania iliyokuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji akikosana na mkubwa wake huondoka mikono mitupu, hata kama dansi lote lilijaa kwa ajili ya vidole vyake. Mwenye gitaa lake anaweza angalau kubishana juu ya malipo. Na anayejua yaliyomo ndani yake hakai nje ya jukwaa wiki mbili akimngoja fundi kwa sababu ya waya uliokatika.

Wala hatuanzi kutoka sifuri. Wapigaji wa nyatiti wana uzi zao nane, na chombo chenyewe huundwa hapa hapa. Franco Luambo, ambaye rekodi zake zilitikisa mabaa yetu miaka mingi, alianza utotoni Kongo na gitaa la mkebe lenye nyuzi za waya wa umeme. Hapa Nairobi, maseremala wa Gikomba wanaijua mbao, wahunzi wa Kamukunji wanajua chuma, na mafundi wa Luthuli Avenue wanajua kulehemu. Watu hao wote wako umbali wa kutembea kwa miguu, lakini ni nadra kukaa meza moja na mpiga gitaa. Boksi moja la vipande likinunuliwa na vijana watano wa bendi kwa kuchanga lingewakutanisha, na gitaa la pili huenda likahitaji kuagiziwa pikapu na funguo tu.