Medali ya Moscow ilivyopitia chuo cha Texas

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

TANZANIA imepata medali mbili tu katika historia ya Michezo ya Olimpiki, zote za fedha na zote mjini Moscow, mwaka 1980. Filbert Bayi alipata yake katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Kinachosahaulika ni kwamba Nyambui wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso (UTEP), nchini Marekani.

Chini ya kocha Ted Banks, UTEP ilitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani mara sita kati ya 1975 na 1981. Katika mbio hizo, nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa kila timu hujumlishwa, na yenye jumla ndogo hushinda. Jumla haiwezi kupungua chini ya 15. Mwaka 1981 UTEP ilipata 17.

Nyambui alikuwa bingwa binafsi mwaka 1980. Mwaka 1983 ikawa zamu ya Mtanzania mwenzake, Zakaria Barie.

Mafanikio hayo yalizua manung'uniko. Baadhi ya makocha wa Marekani walilalamika kwamba vijana wao walishindanishwa na watu wazima. Nyambui alikuwa na miaka 27 alipotwaa taji hilo. Hata hivyo, umri peke yake haujengi bingwa. Chuo kiliwapa wanariadha masomo, kocha na ratiba ya mashindano ya uhakika.

Hapo ndipo penye somo kwetu. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko El Paso. Hewa ya milimani na miinuko ya Usambara haina upungufu, na vyuo vipo. Kinachokosekana ni chuo kuamua kwamba mbio ni sehemu ya kazi yake.

Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya dunia ya marathoni mjini Tokyo mwaka 2025, amelelewa na jeshi. Ni jambo la kujivunia, lakini mlango mmoja hautoshi. Kijana wa Usambara mwenye kipaji asilazimike kuchagua kati ya daftari na viatu vya mbio, wala kungoja kuonwa na kocha wa ng'ambo.