Polisi Mombasa: Raia wana sauti, rungu liko Nairobi

MKAZI wa Kuze, Mji wa Kale, anapoona kijana wa jirani amechukuliwa usiku na hajulikani aliko, au genge lenye mapanga limepita mtaani na polisi hawakutokea, humwendea diwani wake, kisha gavana. Hao ndio aliowapigia kura. Hata hivyo, hakuna kati yao awezaye kumwamuru mkuu wa kituo cha polisi.

Katiba ya 2010 iliiacha kazi ya polisi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Inspekta Jenerali huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge, nayo Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ndiyo inayoajiri, kupandisha vyeo na kuhamisha. Askari wa kaunti wako chini ya gavana, lakini kazi yao ni sheria ndogo za mji: wanaweza kumnyang'anya mchuuzi bidhaa zake, si kulikabili genge.

Ili kuliziba pengo hilo, kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kiliweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au waziri wake wa kaunti. Wamo madiwani wawili, wakuu wa polisi, upelelezi na ujasusi, na watu wasiopungua sita wanaoteuliwa na gavana kutoka makundi kama wafanyabiashara, wanawake, vijana na viongozi wa dini.

Majukumu yake yanavutia yakisomwa. Mamlaka hupendekeza shabaha za polisi, hufuatilia mwenendo wa uhalifu na hutupia jicho bajeti. Kumwondoa afisa haiwezi. Anayelalamikiwa huketi meza moja na mlalamishi, na mlalamishi hana la kumfanya.

Mjini Detroit, Marekani, mambo ni tofauti. Bodi ya makamishna wa polisi ina watu 11. Saba huchaguliwa na wakazi wa wilaya zao na wanne huteuliwa na meya. Huidhinisha sera na bajeti, na husikiza malalamiko. Asiyewajali wakazi huwakuta kwenye debe.

Wapo wanaohofia kwamba gavana akipewa polisi atawatumia dhidi ya wapinzani wake. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, hasa msimu wa uchaguzi. Lakini Mombasa imeonja pia amri za mbali. Februari 2, 2014, polisi waliuvamia Msikiti Musa, Majengo, na watu zaidi ya 100 wakakamatwa. Miezi miwili baadaye Abubaker Shariff, maarufu Makaburi, aliuawa kwa risasi. Polisi walishutumiwa, wakakanusha. Kifungu cha 41 kilikuwepo wakati huo wote.

Kuwachagua makamishna kutahitaji Katiba kuguswa. Jambo jepesi zaidi ni kuirekebisha Sheria ya 2011 ili kamanda wa kaunti afike mbele ya mamlaka hadharani, ajibu maswali kwa Kiswahili, na majibu yake yapelekwe katika bunge la kaunti. Bunge la Taifa linaweza kulifanya hilo bila kura ya maamuzi.