Kukonda si Kuugua

Sisi watu wa Tanga tuna mizani yetu barazani. Ukinenepa, huulizwi kitu. Utaambiwa maisha yamekukubali. Ukipungua kidogo tu, minong'ono huanza. Nami nimepimwa kwa mizani hiyo mwaka mzima, na leo nasema wazi: ni mbovu.

Niliumia mgongo nikiinua gunia la nazi. Nikakaa miezi saba bila mazoezi, asubuhi vitumbua, mchana na usiku wali wa nazi, maana mgonjwa hudekezwa. Nikatoka kilo 78 hadi 93. Hakuna aliyeniuliza naumwa nini. Walisifu: "Sheikh, umependeza!" Kumbe nilikuwa nikipanda ngazi nahema, na kamba za viatu nafungiwa na mwanangu.

Nikarejea uani kwetu Ngamiani, kwenye vyuma vya saruji iliyomiminwa katika makopo ya rangi. Wenzangu wakanishauri nile kwanza nguvu zirudi, kupungua kuje baadaye. Ushauri huo haukuwa na msingi. Msuli uliowahi kuzoezwa hurudi upesi kuliko ulivyopatikana mara ya kwanza, na mwenye mafuta mengi mwilini ana akiba ya kutumia. Kinachotakiwa ni protini ya kutosha, kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na pwani hatuikosi: samaki, dagaa, mayai, kunde. Nikapunguza wali na tui, sikujinyima chakula. Nikaongeza uzito wa vyuma polepole, kwa kuwa kano hupona taratibu kuliko msuli. Baada ya miezi mitano nilikuwa na kilo 84, nami nilioanza na chuma kitupu nikawa nachuchumaa na kilo 70 mabegani.

Hapo ndipo fitina ilipoanza. Shangazi yangu alinishika mkono: "Mwanangu, usinifiche. Umepima?" Wakwe wakamwita mke wangu faraghani. Akarudi analia.

Najua hofu hii ilikotoka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na wenzetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo Slim, yaani wembamba. Tuliwazika watu waliokwisha kwa kukonda, na macho yetu hayajasahau. Lakini tangu 2004 dawa za kufubaza virusi hutolewa bure, na anayezitumia vyema hufanya kazi na kunawiri kama mwingine yeyote. Jicho la jirani halikuwa kipimo zamani, wala si kipimo leo. Linamdhalilisha aliyepungua kwa jasho lake, linamdhalilisha anayeishi na virusi, na linamwacha mnene mwenye kisukari na presha aendelee kusifiwa hadi aanguke.

Sikatai kwamba anayekonda bila sababu aende hospitali, aende upesi. Ninachokataa ni hukumu ya barazani.

Mimi na mke wangu tulikwenda kupima pamoja. Majibu ni yetu wawili, na sitayaandika hapa, kwa kuwa nikiyaandika nitakuwa nimekubali kwamba baraza lilikuwa na haki ya kuyadai. Tulikwenda kwa sababu kupima ni wajibu wa mnene na mwembamba sawasawa. Basi nanyi mliotusema, mmepima lini?