Marehemu Alivuka Vibaya: Je, Familia Yake Imepoteza Haki?

Kutoka Kimara hadi Maili Moja, Kibaha, Barabara ya Morogoro imepanuliwa kuwa ya njia nane. Safari za wenye magari zimekuwa nyepesi, lakini mama anayetoka gengeni ana lami pana zaidi ya kuvuka. Kisarawe nako, katika barabara ipandayo kutoka Pugu, waenda kwa miguu hupishana na magari asubuhi na jioni. Ajali inapotokea mahali kama hapo, neno moja husikika mapema mno msibani: “Lakini alivuka vibaya.” Kisha huja bahasha ya rambirambi na karatasi ya kutia saini, na madai hufungwa hata kabla ya kuanua matanga.

Neno hilo laweza kuwa la kweli, lakini halitoshi kuifuta haki. Zamani, kwa kanuni ya sheria ya Kiingereza, aliyechangia kuumia kwake, hata kidogo, alikosa fidia yote. Uingereza iliiacha kanuni hiyo mwaka 1945. Nchini Tanzania, Sura ya 310 ya Sheria, inayohusu pia madai ya vifo vya ajali, ina msimamo huohuo: kosa la aliyeumia haliui madai yake, bali mahakama hupunguza fidia kulingana na mchango wake katika madhara.

Tuchukue mfano. Hasara imekadiriwa kuwa shilingi milioni 20. Mahakama ikiona kwamba dereva aliyezidisha kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu anabeba asilimia 70 ya lawama, na marehemu aliyevuka nje ya kivuko asilimia 30, familia hupata milioni 14. Mtoto naye hapimwi kwa busara ya mtu mzima, bali kwa umri wake. Tena, kwa kuwa sheria inawalazimisha wenye magari kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine, tuiitayo bima ndogo, mlipaji kwa kawaida ni kampuni ya bima, si mfuko wa dereva.

Hapa sheria na dhamiri hukutana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha maisha barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia nzito. Mwongozo wa Vatikani wa mwaka 2007 kuhusu uchungaji wa barabarani unawataka madereva wawalinde walio dhaifu na kuzisaidia familia za wahanga. Hata hivyo, ukweli unatudai sote. Shahidi asimtetee marehemu kwa uongo, wala dereva asimtwike lawama zote mtu asiyeweza tena kujitetea. Nao msamaha haufuti wajibu wa kulipa: mjane aweza kumsamehe dereva kwa moyo wote, na bado akadai ada ya shule ya yatima wake.

Jumuiya ndogondogo zina kazi hapa. Kabla familia haijatia saini, tuisaidie kupata PF3, taarifa ya polisi, namba ya gari, jina la kampuni ya bima na mashahidi, kisha tuifikishe kwa mwanasheria au msaidizi wa kisheria. Madai ya uzembe kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3. Rambirambi ipokelewe kama rambirambi, isigeuzwe kuwa bei ya uhai.