KARAMU YA MKUBWA, JASHO LA MKULIMA

Katika Mji Mkongwe wa Unguja na katika pwani ya Kiwengwa, kama ilivyo Malindi katika nchi jirani ya Kenya, ipo mikahawa ya Kitaliani yenye meza chache, mishumaa na utulivu, ambamo watu huadhimisha siku zao kubwa: posa iliyokubaliwa, ndoa iliyotimiza miaka, mtoto aliyehitimu masomo.

Sisi hatuna ugomvi na jambo hilo. Tambi si ngeni kwetu. Tangu zamani hupikwa kwa nazi na sukari katika nyumba za Waswahili, hasa mwezi wa Ramadhani na siku ya Idi. Mwananchi aliyechuma kwa halali akamkirimu mkewe kwa tambi za Kitaliani, amekula haki yake. Dini haikukataza chakula kizuri. Iliyokataza ni israfu.

Tunalolipinga ni lingine. Ni pale mkuu wa idara anapomuaga mwenziwe, au anapojipongeza kwa kupandishwa cheo, katika meza kama hizo, kisha hati ya malipo ikapelekwa kwa mhasibu na kuandikwa kuwa ni gharama za kikao. Hapo mlipaji ni mtu mwingine, tena ambaye hakualikwa.

Mlipaji huyo tunamfahamu. Yupo Nandagala, wilayani Ruangwa. Hupalilia ufuta na huokota korosho, na mazao hayo huuzwa kwa mnada kupitia chama chake cha msingi na RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Katika mauzo hayo halmashauri hupata ushuru, ambao mwaka 2017 uliteremshwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Fungu hilo dogo ndilo linalongojewa na darasa lisilo madawati na kitongoji kisicho na kisima. Mlipaji mwingine yupo Pemba, juu ya mkarafuu, akichuma kwa hadhari ili tawi lisivunjike.

Jambo hili si jipya katika siasa yetu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, miaka sita kabla ya Chama hicho kuungana na ASP, uliwaonya viongozi juu ya majivuno na anasa. Na mwaka 2015 Rais John Magufuli aliagiza sehemu kubwa ya fedha zilizochangwa kwa ajili ya hafla ya wabunge mjini Dodoma zinunue vitanda vya wagonjwa wa Muhimbili. Wabunge hawakulala njaa, na wagonjwa waliolala sakafuni walipata pa kulala.

Kwa hiyo tunawaomba watendaji wa Serikali, Bara na Visiwani, wakubaliane na kanuni moja iliyo nyepesi: sherehe ya mtu ilipwe na mtu. Ofisi ikitaka kumuaga mtumishi wake, wenzake na wachange, wapike samaki wa kupaka na mhogo wa nazi, na heshima yake haitapungua. Wahasibu nao walindwe wanapoikataa hati isiyo ya kazi, badala ya kutishiwa uhamisho.

Atakaye kula kwa mishumaa na ale, tena ashibe. Lakini afungue mkoba wake mwenyewe.