Kunakili Picha si Wizi

Majuzi mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, alinionyesha picha aliyoichora kwa rangi za mafuta juu ya turubai lililowambwa kwenye fremu. Ilikuwa sura ya mwanamume mwenye ndevu na kofia nyeusi, aliyoinakili kutoka kitabuni. Badala ya kumpongeza, nilimwuliza, "Na yako mwenyewe iko wapi?" Akanijibu kwa sauti ya chini, "Samahani, mjomba," kisha akaigeuza picha ikaelekea ukutani. Tangu siku hiyo hajashika brashi.

Kosa ni langu, nami nalikiri hadharani kwa kuwa nasadiki si langu peke yangu. Tumezoea kusema kuwa mwiga tembo hupasuka msamba. Lakini methali hiyo yamkanya anayejitwika asiyoyaweza, haimkatazi anayejifunza. Nami ninayefundisha isimu nilipaswa kulijua hilo kabla ya wengine. Mtoto huanza kwa kuiga sauti na maneno ya wamleao, hata siku moja akatamka sentensi ambayo hajapata kuisikia kwa mtu yeyote.

Picha aliyoinakili binti yule ni ya Baldassare Castiglione, iliyochorwa na Raphael wa Italia yapata mwaka wa 1515. Rubens, aliyekuwa bingwa, hakuona haya kuinakili. Mwaka wa 1639 Rembrandt aliiona mnadani mjini Amsterdam, akaichora upesi karatasini. Mwaka uliofuata akajichora mwenyewe kwa mkao unaokaribiana nao. Nani leo atathubutu kumwita mwizi?

Anayenakili hufunzwa na mkono wake yale ambayo jicho halikuyaona. Hugundua kwamba kivuli cha shavu si weusi mtupu, bali kina wekundu na rangi ya udongo ndani yake. Hujifunza subira pia, kwani tabaka lenye mafuta mengi hupakwa juu ya lenye mafuta machache. Akikosea mpango huo, rangi huweza kupasuka baadaye.

Hata hivyo, kunakili na kughushi ni mambo mawili. Mghushi huficha asili ili auze, mwanafunzi huitaja. Jumba la Louvre, Paris, inakohifadhiwa picha hiyo, huwaruhusu watu kunakili kazi zilizomo, mradi nakala isilingane na asili kwa ukubwa. Walimu wetu nao wangetosheka kumtaka mwanafunzi aandike nyuma ya turubai jina la mwenye kazi.

Mtoto hutazama kisogo cha nina. Jumamosi nitakwenda kumwomba mpwa wangu radhi na kumsihi aigeuze picha ile, aimalize. Kisha, akipenda, amketishe nyanya yake kwa mkao uo huo, amchore. Hiyo itakuwa yake.