Andagraundi wa kwao, andagraundi wa kwetu

Wadau, leo naomba mnivumilie kidogo. Najua wengi mnapita hapa kutafuta habari za siasa na bei ya mafuta, lakini mimi leo nataka kuzungumzia kelele. Ndiyo, kelele. Ule muziki unaoitwa hardcore punk: gitaa zinakwaruza, ngoma zinakimbizana, na mwimbaji anapiga ukelele kama anayeita watu kwenye moto. Wimbo unaweza kuisha kabla hujamaliza kuvua viatu.

Kabla hujaniambia "haya mambo ya Wazungu yanatuhusu nini sisi?", nipe dakika chache. Kwanza, si mambo ya Wazungu peke yao. Moja ya bendi zilizojenga muziki huu kule Washington ni Bad Brains, vijana wanne weusi walioshika imani ya Kirasta. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1982, na ilitoka kwenye kanda ya kaseti tu. Kaseti ile ile tuliyokuwa tukiizungusha kwa kalamu hapa Bongo.

Pili, na hili ndilo lililonifanya nikae chini niandike, kuna jambo linaendelea kwa bendi hizi ambalo sisi tumeshaliona kwa macho yetu. Tumelilia, halafu tumelisahau.

Tuanze na neno lenyewe, andagraundi. Kwetu, tangu enzi za Bongo Flava inachipukia, andagraundi ni msanii ambaye "hajatoka". Yuko chini anasubiri bahati, anabembeleza redio wapige wimbo wake. Kila siku anaomba atoke. Kwa watu wa hardcore, andagraundi ni mtu aliyechagua kubaki pale alipo. Anarekodi mwenyewe, anatengeneza kanda mia moja au mia mbili, anaziuza mkononi kwenye shoo, zikiisha anatengeneza nyingine. Haombi kutoka, kwa sababu anajua anayekufungulia mlango ndiye anayebaki na ufunguo.

Mfano wa zamani ni Dischord, lebo iliyoanzishwa Washington mwaka 1980 na Ian MacKaye na Jeff Nelson. Bendi yao ya ujana, Teen Idles, ilikuwa imevunjika. Walikuwa na akiba kidogo kutokana na shoo zao. Badala ya kugawana wakala, wakaamua kutoa santuri ndogo yenye nyimbo 8, nakala 1,000, na majalada wakayakunja kwa mikono yao wenyewe. Fedha iliyorudi ikatoa santuri ya bendi nyingine, na nyingine tena. Miaka zaidi ya 40 imepita na lebo ipo.

Sasa basi, tuje kwenye zama hizi. Ukisikiliza kazi zilizotoka miaka hii michache, utaona muziki umenoga kuliko wengi walivyotegemea. Soul Glo wa Philadelphia walitoa *Diaspora Problems* mwaka 2022, kazi ya hasira ya vijana weusi wanaohesabu madeni na misiba. Zulu wa Los Angeles walitoa *A New Tomorrow* mwaka 2023. Katikati ya vurugu wanakuwekea soul na rege, unavuta pumzi, halafu wanakurudisha ulingoni. High Vis wa Uingereza walitoa *Guided Tour* mwaka 2024. Na Turnstile wa Baltimore, walioanzia kwenye vikumbi vidogo kabisa, walitoa *Never Enough* mwaka 2025 chini ya lebo kubwa, baada ya *Glow On* ya 2021 kuwapeleka hadi kwenye orodha ya wanaowania Grammy.

Kwa hiyo wapo wanaotoka hata kule, na mimi siwalaumu. Mtu ana kodi ya nyumba na watoto. Turnstile hao hao, Mei 2025, walipiga shoo ya bure kwenye bustani mjini kwao Baltimore, wakachangisha fedha za huduma ya afya kwa watu wasio na makazi. Kutoka si lazima kumaanishe kusahau ulikotoka.

Lakini kwa kila Turnstile mmoja kuna bendi mamia ambazo hazitatoka na hazitaki kutoka. Hizo zinaishi wapi? Hapo ndipo penye habari.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa nyingi zinaishi Bandcamp, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2008. Utaratibu wake ni rahisi kama wa gengeni. Msanii anaweka kazi, anapanga bei mwenyewe, mteja ananunua, tovuti inachukua asilimia 15 ya muziki wa kupakua na asilimia 10 ya bidhaa kama kanda, santuri na fulana. Ukiongeza makato ya malipo, kinachobaki ni cha msanii. Corona ilipofunga kumbi mwaka 2020, walianzisha Ijumaa maalumu ambapo tovuti inaacha fungu lake. Ijumaa ya kwanza, tarehe 20 Machi 2020, wanunuzi walitoa dola milioni 4.3.

Linganisha na Spotify. Tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mrabaha wa rekodi. Hebu tupige hesabu. Bendi ina albamu ya nyimbo 10, na kila wimbo umesikilizwa mara 900. Jumla ni mara 9,000. Malipo? Sifuri. Hata kama wangelipwa, makadirio ya kawaida ni dola 3 hadi 5 kwa kila mara 1,000, yaani dola 27 hadi 45 hivi. Watu 9 tu wakinunua albamu hiyo hiyo Bandcamp kwa dola 5, zinapatikana dola 45; toa asilimia 15, zinabaki dola 38 na senti kabla ya makato ya malipo. Watu 9! Hao hawajazi hata daladala.

Basi mtu akiona hivyo anasema tatizo limekwisha, twendeni wote Bandcamp. Taratibu, ndugu yangu. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Machi 2022 Bandcamp ilinunuliwa na Epic Games, kampuni ya michezo ya kompyuta. Wasanii hawakuulizwa. Septemba 2023, mwaka mmoja na nusu tu baadaye, ikatangazwa kuwa inauzwa tena, safari hii kwa Songtradr. Mwezi uliofuata takriban nusu ya wafanyakazi wakaachwa nje, miezi michache tu baada ya kupiga kura kuunda chama chao. Tovuti haikufa, bado inafanya kazi, na Ijumaa zile zimeendelea kuwepo. Lakini somo limebaki pale pale. Sokoni unaweza kupanga bei ya nyanya zako mwenyewe, ila mwenye soko akiamua kuuza kiwanja, hatakuja kukuuliza wewe.

Nina rafiki yangu, jina naliweka kapuni, aliyekuwa akichana vizuri sana. Mwaka 2004 alimpelekea msambazaji mmoja master ya albamu yake. Akapewa fedha taslimu, akasaini karatasi ambayo hakuisoma vizuri, akaondoka anacheka. Miezi michache baadaye tulikuwa safarini kwenda Mwanza, tukaikuta kanda yake stendi, kwenye meza ya mmachinga, imepangwa vizuri na picha yake juu. Akauliza, "Hizi zimetoka ngapi?" Mmachinga wa watu atajua wapi? Mpaka leo hajui. Zinaweza kuwa elfu mbili, zinaweza kuwa elfu hamsini. Alinunua moja. Yaani alinunua kanda yake mwenyewe kwa bei ya mtaani, na safari nzima iliyobaki hakusema neno.

Kilichomuumiza zaidi haikuwa fedha. Aliniambia baadaye, "Watu walioninunua siwajui hata mmoja." Hilo ndilo la kuzingatia. Bandcamp, pamoja na kasoro zake, humpa msanii barua pepe za wanunuzi walioridhia, na orodha hiyo anaweza kuihamisha. Soko likifungwa kesho, bendi yenye orodha yake inawaandikia watu wake: tumehamia mahali fulani. Bendi isiyo nayo inaanza upya.

Na kwetu? Msidhani tuko mbali. Nairobi kulitokea Duma. Mswahili akisikia jina hilo anafikiria yule mnyama mwenye mbio, lakini wenyewe walilitoa kwenye Kikuyu, kwa maana ya giza. Walikuwa vijana wawili, Martin Khanja na Sam Karugu. Kelele zao zilikuwa nzito hata kuliko hardcore ya kawaida. Albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ikasikilizwa Ulaya kabla wengi wetu Afrika Mashariki hatujajua kuwa wapo. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, mwaka 2024 alitoa *The Adept*, na hakuipeleka kwa mtu. Aliitoa chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu. Albamu hiyo anaihusisha na Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023, ambaye anamtaja kuwa wa ukoo wake.

Jamani, hiyo ndiyo hatua ninayoizungumzia. Alishatambulika na milango ilikuwa wazi, akaamua kuchonga mlango wake.

Najua kuna watakaosema, "Wewe unaongea tu, kijana wa Mbagala atafungua lebo na nini?" Swali zuri. Hata kupokea fedha ni mtihani. Bandcamp humlipa msanii kupitia PayPal, na kwa miaka mingi PayPal ya Tanzania iliruhusu kutuma tu, si kupokea. Kenya wao walishaiunganisha na M-Pesa tangu 2018. Mambo kama haya ndiyo ya kuwauliza wanaosimamia fedha na sanaa, badala ya kusubiri hotuba za "vijana jiajirini".

Lakini yapo yasiyohitaji serikali wala dola. Usiuze master; kodisha kwa muda, na muda uandikwe. Soma karatasi kabla ya kusaini, au mpe anayejua akusomee. Kila anayenunua kazi yako, andika namba yake kwenye daftari, kwa ruhusa yake. Tumia Spotify, YouTube na hiyo Bandcamp kama kibaraza cha kukutana na watu, ila daftari lilale kwako.

Rafiki yangu sasa anauza vipuri vya pikipiki. Juzi nilimpigia kwenye simu albamu ya Zulu. Alisikiliza dakika mbili akaniambia nizime, anaumwa kichwa. Halafu akauliza, "Hawa kanda zao wanauza wenyewe?" Nikamjibu kuwa bendi nyingi za aina hii zinauza zenyewe kwenye shoo. Akatikisa kichwa, akarudi kwa mteja wake.

Haya wadau, mimi nimesema yangu. Wewe uliyewahi kurekodi, mkataba wako uko wapi, na waliokununua unawajua? Uwanja ni wenu.